Mama Hanyimwi

Alfonce Mseti alikuwa anachomelea uzio wa kaburi la mama yake wakati mama yake alipomsemesha.

"Kidole, mbona fupi?"

Hata haikuwa saa ya mizimu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Bweri limesimama utosini, na bodaboda zinapita mbele ya karakana zikipiga honi bila sababu. Alfonce alivua miwani ya kuchomelea akageuka. Aliyesimama mlangoni alikuwa binti yake Wegesa, mwanafunzi wa kidato cha tatu, sare imejaa vumbi na mkoba unaning'inia kwenye kiwiko. Ameinamisha kichwa upande wa kushoto, ameshika sikio lake, anautazama ule uzio kama mteja mgumu anavyotazama geti kabla ya kuomba kupunguziwa.

Sasa jina la Kidole lilikuwa limelala miaka kumi na sita. Mama yake ndiye aliyempa, kwa sababu alinyonya kidole mpaka anaingia darasa la pili, na yule mama alipofariki hakubaki mtu wa kulitumia. Jenipher, mkewe, hakulijua. Vijana wake wa karakana wangelijua wangemmaliza kwa utani.

"Nani kakwambia jina hilo?" Alfonce akauliza.

"Umenipimia fupi," binti akasema. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya bibi aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote. "Miguu yangu itatoka nje."

Kisha akacheka, akateleza kwenye nguzo mpaka chini, na harufu ikamfikia baba yake: ile pombe kali ya vichupa vya plastiki inayouzwa madukani kwenye rafu moja na pipi na kalamu. Alfonce alimbeba, akamlaza kwenye benchi nyuma ya karakana. Alikuwa amelewa, hilo lilionekana. Lakini kilichomtetemesha Alfonce hakikuwa ulevi, na hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na lilikuwa la siku nyingi.

Kwa watu wa ukoo wake, upande wa Butiama, mtoto haitwi jina kwa kuwa limependeza masikioni. Mtoto akizaliwa akalia asinyamaze, wazee humtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye jina lake litamtuliza ndiye aliyerudi. Mama yake Alfonce alizikwa, na kabla wageni wa matanga hawajaisha nyumbani, Jenipher akajifungua. Mtoto alilia mpaka akabadilika rangi. Dafroza, dada yake Alfonce, akamchukua, akamtajia mababu, akamtajia mashangazi, mtoto analia tu. Aliposema "Wegesa", jina la marehemu mwenyewe, kimya. Dafroza akachovya kidole kwenye pombe ya ulezi iliyobaki msibani, akampaka mtoto ulimini, maana marehemu alikuwa mpenzi wa pombe na hawezi kupokelewa kwa maji. Mtoto akalamba, akalala. Watu wakapiga vigelegele ndani ya nyumba ya msiba.

Tangu siku hiyo Alfonce alimwita binti yake Mama. Si kwa utani. Alimwita hivyo akimtuma chumvi, akimsifu kwa matokeo, akimuaga asubuhi. Naye mtoto, tangu alipojua kusema, alimjibu "mwanangu", na watu wakaona raha. Jenipher hakuona raha. Yeye ni mtu wa Kiriba, binti wa wavuvi wa Kisabato, na kwao mtu akifa anasubiri ufufuo kama wengine. Zaidi ya hayo, mke gani anamchapa mama mkwe wake? Alikataa hata kuitwa Mama Wegesa. Alisubiri mpaka alipozaliwa Eliasi ndipo akakubali kuitwa mama wa mtu.

Huyo marehemu alikuwa nani? Alikuwa mwanamke mkarimu, mpishi wa pombe ya ulezi asiye na mfano, mwenye wimbo kwa kila kazi. Alianza kunywa kwa kuonja alichopika, akamaliza kwa kupika ili apate cha kunywa. Hakuna aliyemwita mlevi. Mlevi ni mtu wa watu wengine. Wa kwako anaitwa mchangamfu. Mwisho mikono yake ilitetemeka hata asiweze kuushika mrija wa kunywea pombe, na Alfonce, mwanawe wa pekee wa kiume, ndiye aliyekaa pembeni yake akimshikia. Wazee walimpigia makofi. Walisema, "Mama hanyimwi." Na kweli hakunyimwa, mpaka ini likakataa na tumbo likajaa maji.

Basi kila mara familia ilipokwenda kijijini, Krismasi na likizo ya Juni, chungu cha pombe kilipotengwa, Wegesa mdogo, kama mwenye jina, aliitwa aanze. Akiwa mdogo alichovya kidole. Akawa anachukua funda moja. Alipofikisha miaka kumi na miwili, Ghati, bibi kizee aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu, akachomoa kwenye nyasi za paa mrija wa Wegesa wa kwanza, mrefu na mweusi kwa moshi, akamkabidhi mbele ya watu. Jenipher akasema mtoto huyu ni wa darasa la sita. Wakamwangalia kwa huruma, mtu wa ziwani hajui mila. Alfonce akanyamaza. Alikuwa anamwangalia mama yake anakunywa, na alikuwa na furaha.

Asubuhi baada ya mkasa wa karakana, wazazi wote wawili waliitwa shuleni. Mwalimu Matrida, wa malezi, aliwakalisha kwenye chumba kidogo chenye joto.

"Sio yeye peke yake anayekunywa," alisema. "Wako kundi. Wanakusanyika kwenye lile jengo ambalo halijaisha, nyuma ya uwanja. Ila wao wanakunywa kidogo. Wegesa ndiye wanayemnywesha."

"Kwa nini yeye?" Jenipher akauliza.

Mwalimu akamwita msichana aliyekuwa nje mlangoni. Aliitwa Hana, mdogo wa umbo, macho yamevimba kwa kulia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Sema uliyoniambia."

"Akilewa anaongeaga kama bibi yake," Hana akasema, akitazama sakafu. "Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Tunamwitaga Bibi. Halafu siku moja akamwambia Clever wa darasa letu kitu cha babu yake, kile babu alichomwambia kabla hajafa. Clever akakimbia. Ndio watu wakaanza kumletea. Kila mtu anataka amuulizie mtu wake."

"Na wewe ulimletea?"

Hana akaitikia kwa kichwa. "Nilipeleka vichupa viwili. Akaniambia mama anasema niache kulala na nguo zake." Machozi yakamtoka. "Sikuwa nimemwambia mtu kama nalala nazo."

Jenipher alifungua pochi akamfuta yule mtoto uso kwa leso. Alfonce, badala ya kuona aibu, alihisi kitu cha ajabu kikimpanda kifuani, na nitakitaja kwa jina lake: kilikuwa fahari. Hata kwa watoto wa watu, mama yake alikuwa bado anahitajika.

Jenipher hakusubiri ruhusa yake. Alimpeleka binti zahanati mjini, na Alfonce akafuata nyuma kama mtu aliyeitwa kushuhudia. Mganga kijana alimwambia Wegesa anyooshe mikono mbele. Vidole vilitetemeka, na karatasi iliyowekwa juu yake ikacheza yenyewe.

"Mikono ya mtoto wa miaka kumi na sita haitakiwi kuwa hivi," mganga akasema. "Anakunywa karibu kila siku, tena si leo wala jana. Mkiendelea kungoja mtanitafuta kwa jambo lingine. Na mkimkatisha, msimwache bila kumwangalia. Akianza kutetemeka mwili mzima au kuona vitu, mleteni haraka."

Alfonce hakusikia maneno yote. Alikuwa anaitazama ile mikono. Aliijua. Aliijua namna kidole cha pete kilivyotangulia vingine kuruka, na namna kiganja kilivyojificha chini ya paja kikitazamwa. Fahari yote ikamtoka, akabaki na hofu tupu. Kama mama amerudi, basi amerudi na safari yake yote, na mwisho wa safari ile yeye anaujua.

Alipanda gari kwenda Bunda kumwona Dafroza, aliyekuwa na nyumba yake Nyasura. Alimkuta anapepeta mchele uani.

"Dada, jina linaweza kuondolewa?"

Dafroza hakuacha kupepeta. "Jina si shati, Alfonce."

"Mtoto anakufa."

"Mtoto anakunywa. Watoto wote siku hizi wanakunywa, hata hapa Nyasura utawakuta. Akiolewa ataacha." Kisha akaweka ungo chini, na sauti yake ikashuka. "Mimi Desemba zote naendaga kule kwa ajili yake tu. Anikalie karibu, anywe, aniite mwanangu kwa ile sauti. Mara moja tu kwa mwaka. Unataka uniue mama mara ya pili?"

Hata Alfonce ndivyo alivyokuwa. Akamuuliza kitu kimoja tu, kama yeye ndiye aliyemwambia mtoto lile jina la Kidole. Dafroza akauinua tena ungo wake. Akasema alikuwa amelisahau mpaka dakika ile.

Siku ya kujengea kaburi ikafika. Ukoo ulikusanyika kijijini tangu asubuhi, mchungaji akaja akaomba, akapewa chakula, akala, akaondoka mapema kama wachungaji wanavyofanya wanapoona chungu kinatolewa ndani. Wegesa alikuwa hajanywa tangu zahanati, siku ya tatu sasa. Jenipher alikuwa amemlinda kwa macho yake mawili, na binti alikuwa ametulia mno, midomo mikavu, anashtuka kuku akipita. Wazee walipokuwa wanangoja saruji isawazishwe, Alfonce aliwafuata walipokaa, akawauliza wazi: nani amemfundisha mtoto huyu?

"Kumfundisha nini?" akauliza mzee Keraryo, aliyekuwa jirani wa marehemu. "Mimi nilimwonyesha tu alivyokuwaga anashika sikio kabla hajavuta mrija. Alinipa raha, nikamjazia."

"Mimi nyimbo," Ghati akasema. "Alikuwa hazijui vizuri."

Mwingine akasema alimsimulia habari za ng'ombe waliopotea. Mwingine alimrekebisha kicheko. Kila mtu alikuwa na kitu kidogo alichompa, na kila alichompa alikifuatisha na kikombe, kwa miaka, mmoja mmoja, bila mkutano wala nia mbaya. Walikuwa wamemkumbuka rafiki yao, wakamshona upya juu ya mgongo wa mtoto.

"Na Kidole? Nani alimwambia Kidole?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anakumbuka kwamba aliitwa hivyo.

Wakati huo Enos, fundi mwashi, akaita kutoka kaburini. Uzio haukutosha. Alfonce alikwenda mwenyewe na tepu yake, akapima kaburi, akapima chuma. Mwezi uliopita alikuwa amepima mara mbili kwa mkono wake, naye katika kazi yake hajawahi kukosea dirisha la mtu. Upande wa miguuni kulibaki kiganja kizima nje. Alikunja tepu akairudisha mfukoni, wala hakumwambia mtu.

Aliporudi uani, mambo yalikuwa yameshatangulia. Chungu kilikuwa katikati. Kigoda cha marehemu kimewekwa mahali pake pa zamani, kando ya ghala, na Wegesa amekalishwa juu yake, khanga ya bibi yake mabegani. Watu walikuwa wamejivuta nyuma wakaacha nafasi, kama ilivyo desturi kwa mwenye jina. Jenipher alikuwa amezuiwa kwa upole na wanawake wawili, kila mmoja na mkono wake, na wote wakimwambia pole shemeji, ni funda moja tu.

Ghati akamkabidhi binti mrija. Vidole havikuweza kuushika. Ukadondoka, ukaokotwa, ukadondoka tena.

Binti akainamisha kichwa kushoto. Uso wake ulikuwa na jasho na macho yamekwenda mbali. "Kidole," akaita, na ile sauti ikajaa uani, sauti nzima, bila kupungua hata mkwaruzo. "Njoo unishikie."

Dafroza akaanza kulia kwa furaha. Wazee wakaitikia, mmoja akapiga makofi polepole. Alfonce alijikuta ameshachuchumaa pembeni ya kigoda, mrija mkononi, ncha moja ndani ya povu, ncha nyingine karibu na midomo ya binti yake. Miguu ilimpeleka yenyewe. Mkono wake uliijua kazi hii. Aliwahi kuifanya mchana na jioni, kwa heshima, mpaka siku ile mama alipomtazama kwa macho ya manjano akashindwa kuvuta.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuhusu anayechelea mama kulia, wazee wetu hawakuacha neno.

"Hapana, Mama," Alfonce akasema.

Watoto waliokuwa wanagombea mfupa waliacha.

"Unamnyima nani?" Keraryo akauliza.

"Namnyima mama yangu. Nilimshikia mrija huu mpaka ukamuua. Mlikuwepo wote. Mkanisifu kwamba nina adabu. Hakufa kwa presha, hakufa kwa kurogwa. Tulimnywesha akafa, na sasa tunamnywesha huyu."

Ghati alivuta khanga akafunika uso. Wegesa aligeuza kichwa taratibu, akamtazama Alfonce kwa karibu, na Alfonce baadaye aliapa kwamba yaliyomtazama hayakuwa macho ya mtoto wake. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka.

"Basi nizike, mwanangu," ile sauti ikasema.

Alfonce alisimama. Alitembea na ule mrija mpaka kaburini, ambako saruji ilikuwa bado mbichi, akauchoma humo kwa urefu wake, akaukandamiza kwa viganja mpaka ukazama wote. Enos alisimama na mwiko wake asijue la kufanya. "Sawazisha," Alfonce akamwambia, na Enos, baada ya kuwatazama wazee na kukosa msaada, akasawazisha.

Aliporudi, Jenipher alikuwa amejinasua kwa wale wanawake na amemshusha binti kutoka kwenye kigoda. Wegesa alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. "Ita gari," Jenipher akamwambia mmoja wa mashemeji zake wa ukoo. "Mganga alisema." Shemeji akakimbia barabarani na simu sikioni. Alfonce alikaa chini kwenye vumbi, akamlaza mtoto mapajani, akamfunika kwa shati lake.

Hapo ndipo kilipomtoka. Kilianzia tumboni kikapanda, na kilipofika kinywani hakikuwa kilio cha mtu mzima wa heshima zake, kilikuwa mlio ambao hata ng'ombe zizini waliugeukia. Siku ya mazishi ya mama yake hakulia. Kabla chozi halijamkaa vizuri mtoto alizaliwa, watu wakamwambia funga kinywa, huyu hapa amerudi, na tangu hapo hakuwa na cha kulilia. Sasa alikuwa nacho. Dafroza alimsikia, akajishika kichwa, naye akapasuka. Kisha Ghati. Kisha wale wazee, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na rafiki yake aliyemficha ndani ya mtoto kwa miaka yote ile. Msiba mzima uliwaangukia mchana ule, kaburi likiwa limeshajengewa na wali umeshaliwa.

Kelele ile ilimfikia Wegesa huko alikokuwa. Alifumbua macho, akaangaza uani, akaona watu wazima wote wanalia na hakuelewa. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, yenye usingizi, na ilitetemeka pamoja na mwili.

"Baba," akasema. "Nani amekufa?"

"Mama yangu," Alfonce akajibu. "Mama yangu amekufa."

Binti alitoa mikono miwili chini ya shati. Ilimchukua muda kuupata mkono wa baba yake, kwa jinsi vidole vilivyokuwa vinaruka, lakini aliupata, akaushika.

"Pole, Baba," akasema.